Sekunde Tisa za Mama Sabina

Jumanne, 2 Julai

Hamidu amekuja asubuhi nikiwa napulizia salfa kwenye mikorosho. Mtu mwenye mashine mgongoni na kitambaa puani hawezi kukimbia. Jirani yangu analijua hilo, ndiyo maana huchagua saa hiyo.

Habari zake: ile filamu ya korosho ambayo watu wanagombana juu yake tangu mwezi uliopita, yeye ameshaiona. Shingo yake imo. Imetokea mara tatu, mara moja kwa karibu kabisa. Akanieleza kila mara iligeukia upande gani. Nikampa hongera. Akaaga, akafika kwenye mihogo, akageuka. Ah, na Mama Sabina naye yumo. Anaongea.

Shingo kwanza, halafu ndiyo mke wangu. Huyo ndiye Hamidu.

Nimezima mashine. Nimekaa chini ya mkorosho mpaka salfa ikanitua kichwani kama unga.

Dominika alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, presha. Nina picha yake moja tu, ya kitambulisho, katoa macho kama mtu anayesubiri hukumu. Sauti yake sina. Ilikuwemo kwenye simu, meseji nne za sauti, moja ananiuliza chumvi nimeiweka wapi. Simu hiyo nilikwenda nayo kisimani. Mimi nilirudi.

Tatizo ni hili. Mwenyekiti wetu wa ushirika, Mujibu, ametangaza kwamba mjumbe wa bodi atakayeonekana anaangalia filamu hiyo ni msaliti. Mimi ni mjumbe wa bodi. Wale wanaotaka kumng'oa nao wametangaza kwamba asiyeiangalia ni kibaraka. Kwa hiyo inabidi niiangalie bila kuonekana ninaiangalia.

Dominika akiniona nimetulia kizingitini napanga jambo alikuwa anawaambia majirani, "Baba Sabina amefungua ofisi." Leo ofisi ilifunguliwa mpaka uji ukaganda.

Alhamisi, 4 Julai

Masasi mjini. Kuna mama anaitwa Pili, ana kibanda umiza nyuma ya stendi. Kwa kawaida anaonyesha mpira. Wiki hii anaonyesha filamu ya korosho mara tatu kwa siku na watu wanatoka wameshikana mashati.

Mpango wangu: kanzu, baraghashia, miwani ya jua. Nani atamtafuta Silvesta, Mkatoliki wa Lukuledi, ndani ya kanzu? Nimefika mlangoni, Pili akasema, "Shikamoo Baba Sabina, pole na jua." Mzee aliyekaa benchi la mbele akaniuliza nimesilimu lini, akanipa mkono wa pongezi. Nimejibu marahaba kwa mmoja na asante kwa mwingine, nikakaa nyuma.

Filamu yenyewe inahusu mizani. Inasema mizani za maghala zinamla mkulima. Hilo mimi nililisema kwenye bodi mwaka juzi, nikaambiwa tuendelee na ajenda ya chai. Hakuna aliyekuja kunipiga picha.

Shingo ya Hamidu imepita. Ni shingo ya kawaida.

Halafu yeye. Mlango wa ghala letu, msimu wa mwaka juzi, khanga ya bluu niliyomnunulia mnadani. Amesimama kiuno upande kama alivyokuwa anasimama. Mujibu yupo pembeni. Dominika anamnyooshea kidole, anasema: "Huyu? Mwizi huyu. Anaiba korosho, anaiba gunia, anaiba na kamba ya gunia. Siku nikifa ataiba sanda yangu akashonee kanzu ya Idi."

Ikakatwa hapohapo. Muziki wa huzuni. Maandishi chini: Mkulima amtuhumu mwenyekiti. Kibanda kizima kikasimama kupiga kelele, huyu mama shujaa, huyu mama kasema.

Sekunde tisa. Nimezihesabu maana nimerudi kwenye onyesho la saa tisa na la saa kumi na moja.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, yule mzee akanipigapiga mgongo. Ningemwelezaje? Dominika ni Mmakua, Mujibu ni Myao. Ni watani. Miaka ishirini na saba hawajawahi kuambiana neno la heshima. Yeye akimwita mwizi, Mujibu anamwita mchawi mfupi. Siku ya mazishi Mujibu alilala chali pembeni ya kaburi, akakataa kuondoka mpaka tumpe jogoo, akawaambia wachimbaji kwamba huyu mwanamke akiondoka yeye nani atamtukana. Tulimpa jogoo. Alimla akilia.

Hilo ndilo walilolirekodi hawa watu wa Dar es Salaam. Utani. Wameuwekea muziki wa huzuni.

Na wamekata kabla hajacheka. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nyuma ya lori nafunga magunia. Baada ya kamba ya gunia na sanda alicheka, mkono gotini, ile ya kuanza na pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Kicheko hicho kipo mahali. Kuna mtu anacho kwenye mashine yake na hana habari.

Ijumaa, 5 Julai

Mujibu amekuja baada ya swala. Amekaa kwenye kigoda changu bila kukikosoa. Nikajua mambo ni mabaya.

Mkutano mkuu wa ushirika ni Jumapili ijayo, tarehe kumi na nne. Wapinzani wake watawasilisha hoja ya kumwondoa, na ushahidi wao ni Dominika. Akasema angetuhumiwa na mtu aliye hai angejibizana naye. Marehemu atamjibu nini? Akasema watu wote wa hapa wanajua ni utani, Wamakua wanajua, Wayao wanajua, hata Hamidu anajua, lakini uchaguzi unakaribia na kila mtu ameamua kusahau. Ameniomba nisimame mkutanoni niseme ukweli. Mume wa marehemu akisema ulikuwa utani, yataisha.

Nikamwambia ahesabu jambo limekwisha.

Akanishukuru. Halafu akaongeza kwamba ameshamwandikia mwenye filamu, bwana mmoja anaitwa Charles. Amemtaka aitoe sehemu hiyo yote, Dominika na maneno yake, asionekane tena.

Nikasema vizuri sana. Nimemsindikiza mpaka njiani. Nikarudi ndani nikakaa kitandani upande wa Dominika.

Yaani nikithibitisha kwamba ni utani, anafutwa. Nisipothibitisha, Mujibu anaondoka kwa aibu asiyostahili. Watu wengine wanapata matatizo yenye njia moja ya kutokea. Mimi langu lina milango miwili na yote inafungukia ukutani.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi imefunguliwa tangu misa ya kwanza, Mungu anisamehe.

Mpango: nisikane utani, wala nisiukubali. Nimpigie Charles, nimwambie Dominika alikuwa mtu muhimu kuliko anavyofikiri. Akiamini hivyo hawezi kumfuta. Tena atafukua picha zake zote, atataka kunionyesha, na humo kuna kicheko. Nikishakipata, nitakwenda mkutanoni kusema ulikuwa utani. Charles yuko Dar es Salaam, Mujibu yuko hapa. Watakutana wapi?

Namba ya Charles inatokea mwisho wa filamu. Niliiandika kiganjani Alhamisi kibandani. Kwa jasho, tatu imekuwa nane. Nimepigia mama wa Mbeya anayeuza vifaranga. Tumeongea dakika sita, mtu mzuri, naye kafiwa. Mara ya pili nimebahatisha.

Nilimwambia mimi ni mjane wa Dominika, mume kwa maana hiyo. Nikasema marehemu alikuwa mwanaharakati. Neno hilo nimelisikia redioni, lilitoka vizuri. Charles akauliza alikuwa mwanaharakati wa nini. Nikasema wa mambo yote. Akasema hilo linabadilisha kila kitu. Akasema barua ya mwenyekiti ataitupa. Jumatano anaonyesha filamu Newala, kutakuwa na mjadala, je, naweza kufika?

Ninaweza kufika. Inaendelea vizuri mno.

Jumatano, 10 Julai

Newala. Ukungu mpaka saa nne, mtu haoni ng'ambo ya barabara. Binti yangu Sabina ni muuguzi hapa. Amenipa koti lake la kazini maana nimekuja na shati tu. Nimemwambia nimekuja kumsalimia. Akaniangalia kama mama yake alivyokuwa akiniangalia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Charles ni kijana mpole, ana ndevu chache na begi zito. Nilitaka kukaa nyuma. Akanishika mkono, akanipandisha jukwaani, akanipa kipaza sauti, akawaambia watu huyu ni mume wa yule mama jasiri. Wakasimama. Kutoka safu ya tatu mtu akanipungia mkono. Hamidu. Amesafiri toka kwetu kuja kuiangalia shingo yake kwenye kitambaa kikubwa.

Nilipanga kusema maneno machache yasiyo na madhara. Nikasema mke wangu hakuogopa mtu, jambo ambalo ni kweli, hata nyoka aliwapiga kwa mwiko. Wakapiga makofi. Nikasema alichokiona alikisema. Makofi. Charles akauliza, kwa hiyo yale aliyoyasema kuhusu mwenyekiti alikuwa anayajua? Nikafikiria kicheko kimo kwenye lile begi, mita mbili kutoka mguu wangu. Nikasema, "Alikuwa anamjua Mujibu kuliko mtu yeyote."

Nalo ni kweli. Lakini makofi ya safari hii yalikuwa ya aina nyingine. Nikaona simu ya Hamidu imeinuliwa juu.

Baadaye nikamwuliza Charles kijanjajanja kama kuna vipande vingine vya marehemu, kwa ajili ya historia. Akasema vipo, ila viko kwenye mashine kubwa Dar es Salaam. Begi lilikuwa na nyaya na chupa ya chai.

Alhamisi, 11 Julai

Sabina ameiona ile video kabla sijaamka. Hamidu ameiweka kwenye kundi la WhatsApp la ushirika saa mbili usiku wa jana, na juu yake ameandika: Mume athibitisha.

Sikuthibitisha. Nilisema anamjua.

Sabina ameninywesha chai kwanza, halafu ndiyo akanikaripia. Akasema Mama Mdogo ameshapiga simu, padri ameshapiga simu. Baba Mujibu alinibeba mgongoni nilipoumwa degedege, Baba, mpaka misheni, umesahau? Sijasahau. Nakumbuka hata kiatu chake kimoja kilipotelea mtoni.

Basi nikamweleza yote. Kicheko, mpango, milango miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika birika. Akauliza kwa nini sikumwambia tu yule kaka kwamba nataka kumsikia mama akicheka.

Nikamwambia mambo hayaendi hivyo, mwanangu. Vitu vikubwa haviombwi hivihivi kama chumvi. Lazima uviandalie njia.

Akachukua simu yake, akaandika. Nikamwuliza anafanya nini, akasema anaomba chumvi. Nikamwonya kwamba anaharibu kazi ya siku nne. Akatoka kwenda zamu.

Jumamosi, 13 Julai

Nyumbani. Mujibu amepita na baiskeli mbele ya kibaraza changu asubuhi. Mimi Mmakonde, yeye Myao, kwa hiyo kila asubuhi tangu tukiwa vijana akipita hapa husema, "Wewe mla panya, bado hujafa?" Nami humjibu kwamba nasubiri kumzika yeye kwanza.

Leo ameshuka kwenye baiskeli. Akavua kofia. Akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Silvesta. Natumaini umeamka salama."

Amepanda baiskeli akaenda.

Nimewahi kutukanwa na maafisa kilimo, na mashemeji, na mwalimu wa darasa la tano aliyenivunjia kalamu. Hakuna lililoniuma kama hili. Bwana Silvesta. Natumaini umeamka salama.

Hamidu amepita baadaye kuniambia video yangu imetazamwa na watu wengi kuliko shingo yake. Amenuna kweli. Sina hata nguvu ya kufurahi.

Kesho ndiyo mkutano. Nimejaribu kuandaa maelezo. Nikisema ulikuwa utani, nitaulizwa Jumatano nilisema nini. Nikisema ya Jumatano, namzika Mujibu, na simziki kwa utani. Nimefikiria kuumwa. Nimefikiria kuumwa na nyoka hasa, ila inahitaji alama.

Jumapili, 14 Julai

Andika polepole, Silvesta, uandike sawasawa.

Mkutano ulikuwa uwanja wa ghala. Watu wengi kuliko siku ya malipo. Hoja ikasomwa. Msemaji wa wapinzani akasema hana haja ya maneno, mume wa marehemu yupo, asimame. Nikasimama. Mujibu alikuwa anaangalia meza. Nikasema, ndugu wajumbe, marehemu mke wangu na mwenyekiti walikuwa watani. Wakazomea. Mtu akapaza sauti, "Newala ulikuwa mtani wa nani?" Nikasema Newala nilikuwa na koti la watu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza iliyokuja.

Hapo pikipiki ikaingia uwanjani na Sabina amekaa nyuma, bado na sare ya kazi. Alipita katikati ya watu akisema shikamooni, shikamooni, kama anagawa dawa. Akachukua waya wa spika za mkutano, akauchomeka kwenye simu yake. Alinong'ona kwamba Charles alimjibu ndani ya dakika kumi siku ileile ya Alhamisi, na pole juu. Kipande kilikuwa kizito, kimefika leo asubuhi. Amejaribu kunipigia mara saba. Simu yangu ya tochi nilikuwa nimeizima nisitafutwe.

Ikaanza. Mwizi huyu. Korosho, gunia, kamba, sanda, kanzu ya Idi. Halafu haikukatwa.

Sauti ya Mujibu ikasema, "Sanda yako nani aitake, mfupi kama wewe itanifika magotini. Mwizi ni huyo mumeo."

Na yeye akacheka. Ile pumzi kwanza. Kwenye spika mbili kubwa, uwanja mzima wa ghala, mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye bati. Halafu akasema, bado anacheka, "Mume wangu aibe? Yule akipanga jambo asubuhi, mchana kijiji kizima kinalijua, yeye ndiye anakuwa wa mwisho. Mwacheni. Ndiye wangu huyo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Waliokuwa wananizomea walikuwa wanafuta machozi. Mujibu alifunika uso kwa kofia, mabega yanamtetemeka, sijui kwa kipi.

Kilichofuata sikukifuatilia vizuri. Hoja ya kumwondoa Mujibu ilianguka. Hamidu, wa ajabu yule, akasimama akasema utani ni sawa ila mizani ipimwe, na wote wakakubali, na mimi nikaona hilo ni jambo langu la mwaka juzi limepita kwa jina lake. Nilikuwa bado namsikia Dominika. Nikasikia mtu wa mezani anauliza wanaoafiki wanyooshe mikono. Nikadhani tunaulizwa kama sauti yake irudiwe. Nilinyoosha mikono yote miwili.

Ilikuwa hoja ya kuniondoa kwenye bodi. Imepita kwa kauli moja.

Wakati wa kutawanyika Mujibu akanifuata. Nikavua kofia, nikaanza kuomba msamaha kwa adabu. Akanikatisha. Akasema, mla panya wewe, hata kusaliti hujui, umemsaliti mtu mbele ya watu mia tatu na bado umeshindwa. Nimeshika mkono wake muda mrefu. Nikamwambia namsubiri kaburini. Akasema atachelewa.

Jumanne, 16 Julai

Sabina amerudi Newala. Ameniwekea kicheko kwenye kadi ya redio ndogo. Nimekisikiliza leo mara ambazo sitaziandika.

Kabla ya kuondoka alinipa habari. Charles amesikitika kwa kosa lile, atairekebisha filamu, kicheko kitakuwemo na muziki utatolewa. Na zaidi: siku ile ya ghalani alirekodi saa tatu nzima. Dominika anapitapita humo, mara amebeba ungo, mara anamkaripia mtu, huenda mimi. Charles amesema atatuma vyote Jumamosi, bure, hahitaji lolote. Sabina akaniapisha nikae kimya nisubiri tu Jumamosi.

Nimekaa kimya mpaka saa nne.

Mtu anayetoa saa tatu za picha bila kutaka lolote, wewe unamwamini vipi? Atasahau. Ataibiwa mashine. Lazima kuwe na kitu cha kumsukuma kidogo, kwa ustaarabu, asijue kinatoka wapi. Ofisi imefunguliwa.

Saa sita nimempigia. Nilibana pua. Nikajitambulisha kama afisa kutoka mkoani, kitengo cha ukaguzi wa filamu, nikamwagiza awasilishe picha zote zinazomhusu marehemu Dominika kwa familia yake ifikapo Jumamosi saa nne asubuhi, bila kukosa, vinginevyo hatua zitachukuliwa. Nilitumia neno vinginevyo mara mbili.

Akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Akasema, "Sawa, Baba Sabina. Jumamosi saa nne."

Ni namba ndiyo iliyoniangusha. Sauti ilikuwa nzuri kabisa. Kesho nitamwomba Mujibu anipe simu yake.